Maziwa ya Kupoza Majivu

Mwenye nyumba akimpa mpangaji notisi ya kuhama, na muda wa notisi ukatimia, asipokee tena kodi kutoka mkononi mwake. Akipokea, hata kiasi cha kujaza kiganja, notisi imekufa na upangaji umefufuka. Kanuni hiyo haikutungwa Kitale. Ilitoka katika sheria ya India ya kuhamisha mali, ambayo Mwingereza aliileta nchini na kuiacha alipofunga virago. Na mwaka wa 2011, yalipotokea haya, ilikuwa bado ndiyo inayotawala nyumba za mji. Wenye maduka waliijua. Wapangaji waliijua zaidi, kwa kuwa mnyonge huijua sheria kama sungura anavyojua matundu ya ua.

Jerono aliijua tangu alipopanga nyumba ya nyuma katika kiwanja cha Mzee Om Prakash. Mzee huyo aliuza vyuma na misumari mjini, na alikuwa na desturi ya kumsomea kila mpangaji masharti kwa sauti, polepole, kama padri anayesoma matangazo ya ndoa. Notisi iwe kwa maandishi. Imfikie mpangaji mkononi, au apewe mtu wa nyumbani mwake. Iishie pale mwezi wa upangaji unapoishia, si katikati. Na ikishaisha, hakuna kupokea kitu.

Wakati huo Jerono alikuwa mjane mpya. Mumewe, Absalom, alikuwa Mbukusu wa Bumula, fundi wa kuezeka mapaa, naye alianguka kutoka juu ya ghala akafa bila kumwachia mtoto. Baada ya matanga, ndugu za marehemu walimwambia kwamba mwanamke asiye na mwana hana mizizi katika shamba, wakamrudishia sanduku lake na ng'ombe mmoja wa gredi, wa maziwa mengi. Kwa baba yake alikuta kaka wamekwisha kugawana ardhi. Ndipo alipomfikia Mzee Om Prakash, akamweleza waziwazi kwamba fedha hana, ila ng'ombe anakamuliwa.

Mzee alimtazama, kisha akamwita mkewe, Manisha. Wawili hao walisemezana kwa lugha yao, na Manisha akacheka.

"Mama," alisema Manisha kwa Kiswahili chake cha dukani, "sisi nyama hapana kula. Maziwa ndiyo damu yetu. Wewe leta maziwa kila asubuhi, nyumba kaa."

Basi kodi ya nyumba ile ikawa maziwa, na iliandikwa hivyo katika mkataba. Kila alfajiri Jerono alikamua, akachuja kwa kitambaa cheupe, akajaza jagi la bati na kuliweka kwenye kidato cha mlango wa jikoni wa nyumba kubwa. Ng'ombe alipokauka, alinunua maziwa kwa jirani ili asikose hata siku moja. Ng'ombe yule alizaa, na mtamba wake akazaa, na kizazi kikafuata kizazi katika zizi lile lile la mabati nyuma ya nyumba. Raj, mtoto wa pekee wa Manisha, alikua kwa maziwa hayo. Alipokuwa angali akivaa kaptura alikuja zizini na kikombe chake mwenyewe, naye Jerono alimkamulia humo moja kwa moja, povu likamchora masharubu. Alimwita Mama, na hakuna aliyemkataza.

Mzee Om Prakash alifariki. Raj akarithi duka, na duka likaanza kudhoofu. Kisha figo za Manisha zikadhoofu pia. Daktari wa Eldoret alisema kwamba matibabu ya kweli yako India, na Raj hakuwa na kitu cha kuuza isipokuwa kiwanja. Mnunuzi alipatikana, Gathii, mfanyabiashara aliyetaka kujenga ghorofa; lakini Gathii alikuwa na sharti moja. Hatanunua kiwanja chenye mpangaji.

Notisi ya kwanza Raj aliipigilia msumari mlangoni mwa Jerono mchana, akaondoka upesi kama mwizi. Jerono alikuwa zizini, hatua chache kutoka hapo, akimsikiliza akigonga.

Kibiwott, mtoto wa kaka yake Jerono, aliisoma jioni akacheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa kijana wa maneno mengi, mpiga debe kituoni, na alimpenda kwa dhati shangazi yake, ambaye kwa lugha ya kwao alimwita Senge.

"Senge, huyu mtu ameuza misumari maisha yake yote, sasa anafikiri kila kitu ni cha kupigiliwa! Notisi inapigiliwa mlangoni kama mtu hapatikani. Wewe ulikuwa hapa. Na angalia, ati inaisha katikati ya mwezi. Hii ni karatasi ya kufungia nyama."

"Usimcheke," alisema Jerono. "Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nimeisikia nyundo."

Notisi ya pili ilikuwa halali. Wakili wa Raj aliiandika sawasawa, na Raj mwenyewe aliileta, akasimama mbele yake na kumkabidhi.

"Mama Jerono, nisamehe," alisema. "Ni kwa ajili ya mama."

"Najua ni kwa ajili ya nani, Bwana Raj," alijibu. Lile neno Bwana, ambalo hakuwahi kumwita, lilisimama kati yao kama ukuta.

Muda ulipita. Jerono alitafuta mahali. Vyumba vya kupanga vilikuwapo mjini, lakini hakuna mwenye nyumba aliyekubali ng'ombe, na bila ng'ombe hakuwa na riziki ya kulipia hata kona ya jiko. Alipeleka ujumbe Bumula kwa shemeji yake. Jibu likarudi kwamba chumba cha kuwekea mahindi kina nafasi. Ng'ombe, hapana, kwa kuwa malisho hayatoshi waliopo. Hapo ndipo alipoelewa kwamba akiondoka katika nyumba ile haondoki na kwenda pengine. Anaondoka tu.

Muda wa notisi ukatimia, naye alikuwa bado yumo. Asubuhi iliyofuata alikamua, akachuja, akaweka jagi mahali pake. Raj alitoka, akalitazama, akarudi ndani. Jagi lilibaki pale mpaka jua likalipasha, na nzi wakaanza kulizunguka. Jerono alilichukua akamwaga maziwa kwenye mizizi ya mpapai.

"Wewe endelea kupeleka," Kibiwott alimshauri. "Kila siku, bila kukosa. Siku moja watajisahau."

"Sipeleki ili wajisahau. Napeleka kwa sababu ninalala katika nyumba ya mtu."

"Ni sawa, Senge. Peleka kwa sababu yako, mimi nitangoja kwa sababu yangu."

Hivyo alipeleka, na hivyo maziwa yalikataliwa, asubuhi kwa asubuhi. Manisha alikuwa amelazwa katika chumba kilichotazama ua. Siku moja alimwita Jerono dirishani. Uso wake ulikuwa umevimba, na bangili zilikuwa zimemkaba mkononi.

"Jerono, hawa ananipa chai ya maziwa ya pakiti," alinong'ona. "Chai ya pakiti hapana harufu. Ni kama kunywa kivuli."

"Kunywa, Mama Raj. Upate nguvu ya safari."

"Safari," alisema mgonjwa, akacheka kidogo kwa pua. "Raj anauza nyumba kwa safari. Yeye mtoto mzuri. Wewe usimchukie."

"Sijui kumchukia. Nilimkamulia kikombeni."

Manisha alinyoosha mkono kupitia nondo za dirisha. Jerono aliushika. Nyuma ya mgonjwa, mlangoni, Raj alikuwa amesimama na dawa mkononi, naye alingoja mpaka mikono ile ikaachana yenyewe.

Manisha hakusafiri. Gathii alikwisha kutoa malipo ya kwanza, na malipo hayo yalikwisha kuingia hospitalini, wakati moyo wa Manisha uliposimama adhuhuri moja, Raj akiwa dukani anatafuta mteja wa kununua mizani ya duka. Walimchoma siku iliyofuata, mahali pao pembezoni mwa mji. Jerono alisimama mbali, nyuma ya wanawake wa Kihindu waliovaa mavazi meupe, akiwa amejifunga leso nyeupe aliyoazima.

Katika desturi ya watu wale, maiti akishachomwa, watu wake hurudi kuokota mifupa, na majivu hunyunyiziwa maziwa ili yapoe, roho isiende safari yake ikiungua. Kuhani wao alitaka maziwa ya ng'ombe, mabichi, yasiyopita motoni. Raj alitoka alfajiri kuyatafuta. Madukani kulikuwa na ya pakiti tu, na yale yamechemshwa kiwandani.

Jerono alisikia mlango ukigongwa. Alipofungua alimwona Raj amesimama pekupeku, kichwa kimenyolewa, na macho yamekwisha maji.

"Mama," alisema. "Nipe maziwa."

Hakusema zaidi, wala yeye hakuuliza. Jagi la siku hiyo lilikuwa tayari limechujwa, liko mezani likisubiri kupelekwa kwenye kidato na kukataliwa. Hakuligusa. Aliingia zizini, akamkamua ng'ombe yale machache aliyobakiza kwa ndama, hayakuchujwa, yangali na joto la mwili, akayamimina katika chombo cha shaba alichokuja nacho Raj. Raj alikipokea kwa mikono miwili, akainama, akaenda.

Kibiwott alikuwa amelala kwenye kiti sebuleni. Mlango ulipogongwa aliamka, na sasa alitoka nje usingizi umemwisha kabisa.

"Amepokea!" alisema. "Senge, amepokea! Mimi nimeona!"

"Nyamaza. Mtu amefiwa."

"Amefiwa, pole zake. Na notisi yake imekufa pia. Hakuna mtu atakutoa hapa sasa. Hakuna!"

Jerono aliketi kwenye kigoda cha kukamulia. Mpaka dakika hiyo, kanuni haikuwa imempitia akilini.

Gathii hakungoja matanga yaishe. Alidai kiwanja kitupu au fedha zake, na fedha hazikuwapo. Wakili wa Raj akafungua kesi. Kwa upande wa Jerono, Kibiwott alimpata wakili Aaliyah, msichana wa Kitale aliyesoma na dada yake, ambaye alikubali kumtetea kwa bei ya chini.

"Mama, kesi hii ni nyepesi," alisema Aaliyah ofisini kwake. "Kodi yako ni maziwa, mkataba unasema. Muda wa notisi umekwisha, naye amekuja mlangoni kwako saa ile ile ya kila siku, akaomba maziwa, akapokea. Hakusema ni ya nini. Wewe utasema jambo moja tu: kwamba nilitoa maziwa kama ninavyotoa siku zote."

"Lakini hayakuwa ya siku zote."

"Yalitoka kwa ng'ombe yule yule?"

"Ndiyo."

"Basi usiongeze mengine. Jibu unachoulizwa."

Njiani kurudi, Kibiwott alimwona yuko kimya, akamwelewa vibaya au akamwelewa sana.

"Senge, ninyi wa kanisa la Marafiki si hamli kiapo? Huko kwenu Lugulu mlifundishwa ati ndiyo iwe ndiyo. Haya. Kama huapi, hata ukipinda neno kidogo, si kiapo cha uongo. Ni neno tu limepinda, bana."

"Absalom ndiye aliyenipeleka Lugulu," alisema Jerono. "Nikamuuliza kwa nini watu hawa hawaapi. Akaniambia, mtu anayeapa siku moja amekiri kwamba siku nyingine anadanganya."

"Absalom hakuwa na wa kumfukuza nyumbani."

Hilo lilikuwa kweli.

Siku ya kesi, Raj alipanda kizimbani kwanza. Nywele zilikuwa zimeanza kuota upya, nyeupe. Aaliyah alimuuliza kama alipokea maziwa kutoka kwa mpangaji baada ya notisi kuisha. Wakili wa Raj alisimama kupinga, lakini Raj alikwisha kujibu.

"Nilipokea."

"Ulimwambia ni ya kazi gani?"

"Nilisema, Mama, nipe maziwa."

"Si hayo tu?"

"Ningesema nini tena?" alisema Raj. "Mama yangu alikuwa majivu."

Hakimu, mwanamume wa makamo mwenye kikohozi, aliandika kwa muda mrefu. Kisha Jerono aliitwa. Karani alimnyooshea Biblia. Akakataa kwa upole, akasema atathibitisha tu, na hakimu akaruhusu.

Aaliyah aliuliza, naye akajibu. Ndiyo, kodi ni maziwa. Ndiyo, muda wa notisi ulikuwa umekwisha. Ndiyo, Raj alikuja, na ndiyo, alimpa.

"Sina swali jingine," alisema Aaliyah, akaketi upesi.

Wakili wa Raj alinyanyuka nusu, akafikiri, akaketi. Huenda naye aliogopa jibu. Ila hakimu aliweka kalamu chini.

"Mama, mahakama hii ina swali moja. Sheria inatazama nia ya anayetoa na anayepokea. Asubuhi ile ulipotoa maziwa, uliyatoa kama kodi ya nyumba?"

Jerono alimwona Kibiwott amesimama nyuma ya chumba, amekunja ngumi kifuani. Alimwona Aaliyah akitazama meza. Aliliona zizi, na mpapai, na chumba cha mahindi cha Bumula chenye mlango wa kuinamia. Akajua kwamba neno linalotakiwa ni fupi, na kwamba hakuna mtu hai anayeweza kulipinga.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema.

"Eleza."

"Ya kodi yalikuwa mezani. Nimekwisha kuyachuja. Sikumpa hayo. Nilimkamulia mengine, ya kwenda kwa mama yake. Maziwa ya mtu aliyekufa hayalipi kitu. Nikisema yalikuwa kodi, nitakuwa nimemtoza yule mama kwenye jivu lake."

Kibiwott alitoka nje, akaubamiza mlango mpaka askari akamfuata.

Hukumu ilisomwa baadaye, nayo haikuwa ndefu. Notisi ilitolewa kihalali. Haikufutwa, kwa kuwa kilichopokelewa hakikuwa kodi, kwa ushahidi wa mpangaji mwenyewe, ambaye mahakama ilimsifu kwa unyofu. Atahama kabla ya mwisho wa mwezi. Na kwa kuwa aliyeshindwa hubeba gharama, atalipa gharama za kesi.

Raj alimkimbilia kwenye ngazi za mahakama.

"Mama, gharama sitaki. Nimemwambia wakili. Nimekusamehe."

"Umenisamehe kosa gani?"

Raj alishuka ngazi moja, akamtazama kutoka chini. Alivuta pumzi.

"Ungesema neno moja tu, Mama. Moja. Ningefurahi kushindwa. Gathii angenifunga, lakini ningefurahi."

"Najua," alisema Jerono. "Nawe ungefungwa, nami ningeamka kila siku na lile neno kitandani. Mimi ni mzee, Raj. Sina nguvu ya kuishi na mgeni."

Alikuwa amemwita Raj. Yeye mwenyewe alilisikia, na Raj akalisikia, akainamisha uso katika viganja mbele ya watu waliokuwa wakipita na mafaili yao.

"Kiwanja siwezi kukirudisha," alisema ndani ya viganja. "Fedha zake zimeliwa na hospitali."

"Sijakuomba."

Gharama Jerono alizilipa. Kibiwott alimlilia asilipe, akimwambia kwamba yule Mhindi mwenyewe amekataa. Kisha alipoona hasikii, alikaa siku mbili bila kuja, na siku ya tatu alikuja na kamba mpya. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwa mkulima kutoka upande wa Mabanga, mtu aliyesomea mifugo, aliyempapasa ng'ombe kiwele, akamfungua kinywa, na kumsifu kwa maneno machache ya haki. Alikuja na pikapu iliyotandazwa majani makavu. Ndama alipandishwa kwanza, ili mama asisumbue.

Ng'ombe alisumbua. Aligeuza kichwa kulitazama zizi, akaweka miguu ya mbele ardhini kama vigingi. Ilibidi Jerono mwenyewe ampandishe, akitembea kinyumenyume mbele yake, mkono juu ya pua yake yenye unyevu, akimwambia maneno ya kwao ambayo Kibiwott alikwisha kuyasahau. Lango la pikapu lilipofungwa, alisimama na mkono ukiwa bado mbele yake, umekunjwa kwa umbo la pua.

"Senge," alisema Kibiwott. "Twende."

Walikwenda kwa miguu mpaka ofisi ya wakili wa Raj, katika ghorofa ya juu ya jengo la benki. Karani alihesabu noti, akazihesabu tena, akapiga muhuri. Alimsukumia Jerono stakabadhi chini ya kioo bila kumtazama.

"Kuna baki?" Jerono aliuliza.

"Hakuna, Mama. Umemaliza."

Aliikunja stakabadhi, akaitia kifuani. Sanduku lake lilikuwa kwenye ngazi, likilindwa na Kibiwott, na magari ya Bungoma, njia ya kwenda Bumula, yalikuwa yakijaza abiria kituoni.